Mwanangu kaandika "hard", mwalimu kakata na kuandika "hardly"!

Wakuu, nimeshika daftari la mwanangu hapa, mikono inatetemeka kwa hasira.

Yuko darasa la tano, shule ya mchepuo wa Kiingereza, ada nailipa kwa vitumbua na chapati. Wiki hii waliambiwa watunge sentensi kuhusu mzazi. Akaandika: "My mother works hard." Mwalimu kapiga mkasi wa wino mwekundu, kakata "hard", juu yake kaandika "hardly". Kisha mtoto kaambiwa afanye masahihisho mara kumi. Mara kumi mwanangu kaandika kwamba mama yake hafanyi kazi!

Ndiyo maana yake hiyo. "Hardly" si "kwa bidii". Ni "kwa shida sana", "ni kama hapana". Mtu akisema "I can hardly see", anakwambia haoni vizuri, hakwambii kwamba kakodoa macho. Najua mwalimu alikopotelea: "slow" huwa "slowly", "quick" huwa "quickly", akadhani kila neno hubandikwa mkia huo. "Hard" ni kivumishi na ni kielezi vilevile, kama "fast". Nani kawahi kusikia "fastly"? Zamani Waingereza walikuwa na kielezi chao "hearde", ile e ya mwisho ikamezwa, ndiyo maana leo sura ni moja.

Nilimfuata shuleni kwa adabu, nimebeba kamusi. Kanijibu eti "hard" ni "ngumu", basi. Mwalimu, hiyo ni maana moja tu! "The exam is hard", sawa, mtihani mgumu. "It rained hard" je, mvua ilinyesha ngumu? Ilinyesha kwa nguvu. Na hata hiyo "ngumu" yenyewe haiendi moja kwa moja: kwetu mtu mgumu aweza kuwa bahili tu, lakini "a hard man" ni mkali asiye na huruma, hata kama mfuko wake uko wazi.

Mimi naamka saa kumi alfajiri kukanda unga, na mtoto ananiona. Jana kaniuliza, "Mama, kwani nilikosea kusema unajituma?" Nikakosa la kumjibu.

Walimu mlioko humu, niende kwa mkuu wa shule au kwa mwalimu wa taaluma? Nataka alama yake irudi, na lile darasa zima liambiwe sentensi ilikuwa sahihi.