Mwenyekiti wa klabu anataka taarifa ya fedha Jumapili, nijiuzulu uweka hazina?

Mwana Uyole: Wakuu heshima kwenu. Niko hapa Mbeya, usingizi sina. Mimi ni mweka hazina wa klabu yetu ya kujitolea: walimu, mafundi, akina mama wa Mwanjelwa na bodaboda wachache. Tunachangia damu, tunazibua mitaro, tunatembelea wagonjwa. Safari hii tuliandaa matembezi ya hisani hadi Ziwa Ngozi, fulana 20,000, supu ya mbuzi kule juu ukingoni. Lengo ni madawati 40 kwa shule moja ya msingi ambako darasa la pili wanakaa chini. Fundi katupa 80,000 kwa dawati. Tukitoa gharama zote, tukabaki na 3,200,000 kamili.

Tatizo ni mwenyekiti. Kila asubuhi kwenye kundi ni "mweka hazina tunasubiri taarifa". Sasa anataka Jumapili nisome mapato na matumizi mbele ya mwalimu mkuu wa shule. Mbele ya mgeni kwa nini? Naona ni dharau, nataka niandike barua ya kujiuzulu kabla ya hiyo Jumapili. Nipeni mawazo, matusi sitaki.

Mzee wa Mafiati: Jiuzulu kijana. Vyeo vya bure vina presha kuliko vya mshahara. 2006 soko la Mwanjelwa lilipoungua nilishika michango ya wenzetu waliopoteza mali. Hadi leo kuna mama akiniona anavuka barabara.

Binti Tukuyu: Mbona jambo dogo? Andika kilichoingia, andika kilichotoka, bandika risiti, soma, kaa chini. Hela iko wapi?

Mwana Uyole: Hela ipo.

Binti Tukuyu: Nimeuliza iko wapi.

Mtu wa Mafinga: Wakati tunasubiri jibu, huyo fundi anatumia mbao gani? Mimi napasua huku Mafinga. Paini mbichi ukigongea dawati leo, baada ya muda ubao umejikunja, misumari imechungulia, mtoto anachana kaptula. Mbao zipangwe kivulini, vijiti katikati hewa ipite, zikauke kwanza. Watu wanapenda bei ya chini halafu wanatulaumu sisi.

Mwana Uyole: Asante sana mkuu wa Mafinga, hapo umegusa penyewe. Hata mimi nilikuwa nasema madawati yasiharakishwe.

Mwalimu Mstaafu: Kijana, hizi klabu hazikuanza jana. Rotary ilianzia Chicago 1905, Lions 1917, hapo hapo Chicago. Lions wana kanuni ambayo ningependa kila kikundi kiige: hela iliyochangwa na umma inakaa peke yake, ada za wanachama na chai ya vikao peke yake, na ya umma haiguswi kuendeshea klabu. Rotary nao hujiuliza maswali manne kabla ya jambo, la kwanza ni kama jambo lenyewe ni la kweli, la pili kama ni haki kwa wote wanaohusika. Nyinyi mna akaunti ya benki? Mnajisajili kwa afisa maendeleo ya jamii, mnapeleka katiba na muhtasari wa kikao benki, mnachagua watia saini. Mtu mmoja hawezi kutoa.

Mwana Uyole: Shikamoo mwalimu. Akaunti tulikuwa kwenye mchakato. Kwa makubaliano hela ilikaa kwenye laini yangu ya simu.

Binti Tukuyu: "Ilikaa." Na sasa?

Mwana Uyole: Haya. Sehemu iko shambani. Sikusema mwanzo kwa sababu najua mtakavyonirukia. Shemeji yangu ana ekari mbili za viazi Isongole, alikwama mbegu na mbolea, na hela ilikuwa imelala tu. Nimeweka 2,100,000. Viazi vinatoka mwezi ujao, mtaji unarudi wote na faida klabu nawapa nusu. Hiyo siyo kula hela, ni kuizalisha. Benki wangetupa nini zaidi ya makato?

Kaka Bajaji: Nusu nyingine ya nani?

Mwana Uyole: Ya jasho. Nani anaamka alfajiri kwenda Isongole na baridi hii?

Mama wa Ipogolo: Baridi unaijua wewe peke yako? Hao watoto wanakaa kwenye sakafu ya saruji, tena Mbeya, tena Juni. Mwogope Mungu. Hapa Iringa jumuiya yetu mhasibu alinunua ng'ombe kwa sadaka ya ujenzi, akasema atazaa. Akazaa kweli. Ndama akawa wa nani? Tulikaa vikao mpaka mchungaji akahamishwa.

Kaka Lami: Jamani mnapoteza bando. Hii chai, tena ya Tukuyu, majani mabichi. Mimi nimepeleka wageni Ngozi. Gari linabaki chini, unaingia msituni, tope, na mwishoni mwinuko wa kushika mizizi. Supu ya mbuzi ilifikaje ukingoni? Na hesabu inaangukia 3,200,000, madawati 40 bila kuzidi hata mia? Huyu anatunga.

Kaka Bajaji: Nami niliwaza. Kubeba maji tu kule ni vita.

Mwana Uyole: Sufuria mbili, kila moja imening'inizwa kwenye mti, vijana wawili mabegani, mfuniko umekazwa kwa mpira wa baiskeli. Moja ilimwagika kwenye huo mwinuko. Aliyekuwa nyuma alilowa mafuta hadi soksi, siafu wakamfuata mpaka chini. Waliochelewa walikula mihogo. Na hesabu ilitimia kwa sababu mwenyekiti alijazia 45,000 yake.

Kaka Lami: Hao siafu nakubali. Naondoa neno.

Binti Tukuyu: Kumbe mwenyekiti huyo huyo mwenye dharau ndiye aliyejazia.

Mwalimu Mstaafu: Ukijiuzulu utatakiwa kukabidhi, na hapo hapo itaonekana. Mfuate mwenyekiti leo, kabla ya kikao. Una 1,100,000 mkononi, hayo ni madawati 13, yaanze. Zilizobaki liandikwe deni kwa jina lako, na tarehe.

Mzee wa Mafiati: Mimi bado nasema ajiuzulu.

Mwana Uyole: Mwalimu nimekusikia, ila yule mdomo wake haufungi, kufika jioni Uyole nzima inajua. Nimeshaongea na fundi. Jumapili nasoma mapato, kwenye matumizi nasema mbao zinasubiri kukauka, kama alivyoeleza mkuu wa Mafinga. Siyo uongo, zinahitaji kukauka.

Mtu wa Mafinga: Mimi usinitaje.

Binti Tukuyu: Mbao zipi? Si hujanunua.

Mama wa Ipogolo: Na baka, ule ugonjwa wa viazi, likiingia shambani? Likishika majani, ndani ya siku chache shamba limekuwa jeusi.

Mwana Uyole: Tunapiga dawa.

Fuso la Makambako: Wakuu samahani, uzi mrefu sijausoma wote. Hivyo viazi vya Isongole ni aina ya kikondo? Mnafunga lumbesa au gunia la kawaida? Gari linafika shambani?

Mwana Uyole: Ni kikondo mkuu. Njoo inboksi.