Dizeli ikishuka, mbona tenga la nyanya halishuki?

Mama Lishe wa Buguruni: Wakuu, nieleweshwe. Dizeli ikipanda, dalali wa Ilala ananiongezea bei ya tenga siku hiyo hiyo. Ikishuka, kimya. Nani anakula hiyo tofauti?

Mhasibu: Dada, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa bei kikomo za mafuta, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Nyanya haina kikomo. Tena mwaka 2023 Serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa lita, na hiyo haishuki hata soko la dunia likishuka.

Dereva wa lori: Tajiri mwenye lori hapunguzi nauli ya mzigo, anaogopa mwezi ujao. Ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 ya Juni 2022 tuliiona kituoni. Sokoni haikufika.

Mama Lishe wa Buguruni: Basi wenye malori nao wabanwe. Wateja wangu ni wabeba mizigo, sahani siwezi kuwapandishia.