Re: DL imekwisha niko Mombasa, kadi mpya haijatoka, nitaendeshaje nikirudi UK?

Ummu Salma (Leicester, kwa sasa niko Tudor)

Assalaam aleikum jamani, na ndugu zetu wengine pia hamjambo. Niko nyumbani kwa harusi ya mdogo wangu, narudi UK Jumamosi ijayo, na nina shida sijui nimuulize nani. DL yangu ya Kenya, yaani leseni ya udereva, imekwisha muda nikaona bora nirenew nikiwa hapa hapa. Nimelipa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, ile ya miaka 3, shilingi 3,050, pesa zikakatwa dakika ile ile, nikaenda ofisini mjini kupigwa picha na kutiwa alama za vidole. Foleni mpaka nje juani, wazee wameegemea ukuta, ilipofika zamu yangu kijana wa dirishani aniambia sistimu imelala nirudi kesho. Kesho yake picha nikapigwa lakini kadi ati itatoka "ukipata meseji". Meseji mpaka leo sijaiona. Nilichonacho mkononi ni karatasi ya kuprinti tu.

Swali langu: nikifika UK naweza kuendesha kwa karatasi hii? Ile miezi 12 ya mkazi kuendesha UK kwa leseni ya nje kwangu haijaisha. Na watu wa bima wataikubali ama wataniambia sina leseni? Kazi yangu ni kuzunguka majumbani kwa wagonjwa, shifti ya usiku, na saa hizo basi hakuna. Naomba mwenye kujua kwa hakika anijibu.

Ami wa Birmingham

Wa aleikum salaam mwanangu, Mungu awajaalie maharusi kheri. Karatasi hiyo isikuumize kichwa, tatizo lako ni kubwa kuliko karatasi. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za kubadilishana leseni na UK. South Africa wamo, Zimbabwe wamo, sisi hatumo. Kwa hiyo hata kadi ingetoka leo, miezi 12 ikisha haikusaidii tena, lazima uchukue provisional (leseni ya mwanafunzi), ufanye theory (mtihani wa maswali), ufanye practical (test ya barabarani), sawa sawa na kijana wa miaka 17 ambaye hajashika usukani. Mimi niliendesha lori la mizigo kutoka bandarini mpaka Malaba miaka na miaka na bado nilianza alifu kwa kijiti. Ukifika tu pitia posta uchukue fomu ya D1 ya kuombea hiyo provisional.

Bin Kongowea, Luton

Ami kwa heshima zote, D1 ya nini zama hizi? Provisional omba online ni £34, kwa posta ni £43, kisha wasubiri barua. Na usisahau wataka uwe na ruhusa ya kukaa nchini siku 185 au zaidi, kwa hivyo angalia visa yako kwanza.

Halafu naomba tuelewane hapa maana kila mwaka swali hili laja na kila mwaka watu wapotezwa. Miezi 12 haihesabiwi tangu siku DL ilipotoka, na haianzi upya kwa sababu ulikwenda Mombasa ukala biriani ya harusi ukarudi. Inahesabiwa tangu ulipokuwa mkazi, basi. Kuna jamaa huku aliambiwa na mwenzake kazini kwamba kila akitoka nje ya nchi saa yaanza upya, akasimamishwa njiani, akaonekana aendesha bila leseni, na bila leseni bima nayo hakuna. Bila bima peke yake ni faini £300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni. Msicheze na hili.

Theory ni maswali 50, upate 43. Halafu zile video za hazard, za kutambua hatari za barabarani, ni 14, alama 75, upate 44. Zote siku moja. Na ni Kiingereza ama Kiwelshi tu, zile sauti za lugha nyengine waliziondoa 2014. Ukipita theory cheti chakaa miaka 2, na foleni ya practical ni ndefu sana, kwa hivyo buku mapema.

Ami wa Birmingham

Posta bado wanatoa D1. Nimesema hivyo kwa sababu si kila mtu ana pasipoti ya kuweza kumaliza online. Usinisahihishe kabla hujaelewa nilichosema.

Mama Mapacha, Cardiff

Jamani msimtishe dada wa watu. Ummu Salma, mimi la karatasi silijui, ila nitakwambia la practical maana nimeliona kwa mume wangu. Baba Mapacha alikuwa dereva wa matatu Likoni–Ukunda, huwezi kumfundisha gari. Akafeli. Unajua alifelishwa na nini? Kuondoka. Gari lilikuwa limesimama kando ya njia, mtahini akamwambia ondoka ukiwa tayari, akatia gia, akatia indiketa, akatazama kioo cha pembeni, akaenda. Hakugeuza shingo kutazama begani. Kwenye kioo huoni kila kitu, pale ubavuni pana pahala baiskeli yaweza kukaa nzima na usiione, na siku ile baiskeli ilikuwako. Mtahini akakanyaga breki yeye. Ukifanya makosa madogo wanakuvumilia mpaka 15, lakini kosa moja kubwa kama hilo umekwisha.

Sasa fikiria, kwetu unaondokaje? Unapiga honi, utingo anatoa mkono dirishani, unaingia. Tuktuk akupishe mwenyewe. Huku ni wewe umpishe kila mtu kabla gurudumu halijazunguka. Alirudia kufanya mazoezi ya kusimama na kuondoka tu, hapa mtaani kwetu, mpaka shingo inageuka yenyewe, alhamdulillahi akapita. Na Wales mjue njia nyingi za mitaani ni 20 tangu Septemba 2023, maili si kilomita, msije mkatembea na 30 yenu ya England.

Fundi wa Majengo (Mombasa)

Salaam wana diaspora. Mie ni fundi wa magari mtaa wa Majengo, sina hizo fomu zenu, niko kwenye listi hii kwa sababu wengi wenu huniachia magari yenu niwatunzie mkiwa huko. Nataka niongeze kwa hilo la Mama Mapacha maana amesema kweli tupu, ajali nyingi ninazoletewa hapa gereji si za spidi, ni za mtu kuwasha gari na kuondoka. Mtu huja likizo, gari limekaa miezi, anaruka ndani, anapiga stata, limeshikwa gia, linaruka mbele linagonga ukuta wa jirani ama mtoto.

Kabla ya ufunguo zunguka gari. Tazama tairi, tazama chini kama kuna mafuta yamevuja, tazama nyuma watoto na paka. Fungua boneti upime oili na maji, na rejeta usiifungue ikiwa na moto. Ingia, vuta kiti mpaka mguu wa kushoto ukandamize klachi hadi mwisho bila kunyooka kabisa, weka vioo, funga mkanda. Handibreki iwe juu. Gia itikise kushoto kulia uone iko free. Klachi chini, ndio uwashe. Zitazame taa za dashibodi, ya oili na ya betri zizimike. Ya oili ikibaki zima hapo hapo, usiseme nitafika kwa fundi. Stata usiing'ang'anie, sekunde chache uiachie ipumue, la sivyo utaichoma na betri utaimaliza.

Kuondoka sasa. Gia ya kwanza, mafuta kidogo, achia klachi pole pole mpaka usikie injini imebadilisha sauti na boneti imenyanyuka kidogo kwa mbele. Hapo klachi imeshika. Usimalize kuiachia. Uzuie mguu hapo hapo, tazama vioo, tazama begani, ndio ushushe handibreki. Gari halirudi nyuma hata kama uko mlimani. Wanafunzi wengi wa shule za udereva za hapa wajua kusukuma kale kagari ka kuchezea kwenye modo taun, ule ubao wenye mfano wa mji, na kusoma alama za barabarani lakini hawajui pahala klachi inaposhika, na hapo ndipo gari linapowarudia nyuma.

Na kurudi nyuma nyinyi watu wa Mombasa mnajua ni nini. Tarehe 29 Septemba 2019, MV Harambee iko katikati ya kivuko cha Likoni, gari lilirudi nyuma likatumbukia na mama na mwanawe ndani. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba. Nilikuwa miongoni mwa waliosimama pale ng'ambo siku zile. Tangu hapo kila mtu anayechukua gari kwangu namwambia, ukiingia feri zima injini, vuta handibreki mpaka mwisho, liache kwenye gia.

Ami wa Birmingham

Fundi maneno yako ni dhahabu ila useme wazi, kuliacha kwenye gia ni gari la manyuo, lile la klachi. Oto weka P, na handibreki uivute kwanza kabla ya P, gari lisilalie ile pini ya gia.

Fundi wa Majengo (Mombasa)

Sawa Ami, nilikuwa nazungumzia manyuo tangu mwanzo, nimetaja klachi mara ngapi?

Bi Kizingo, Toronto

Nimesoma hilo la feri nimeshindwa kuendelea na kazi. Mungu awarehemu. Na daraja la Likoni tunaahidiwa na kila anayekuja kuomba kura, michoro tumeonyeshwa, Wajapani wametajwa, na mama zetu bado wanapanga foleni na mizigo kichwani pamoja na malori. Barabara mpya ya Dongo Kundu nashukuru, anayetoka Ukunda kwenda Mariakani siku hizi hana haja ya kuingia kisiwani, na Makupa pamejengwa daraja maji yakapata kupita. Lakini mtu wa Mtongwe anayekwenda kazini mjini, yeye barabara hizo zamsaidia nini? Hili tusilinyamazie kwa sababu tu tuko mbali, pesa tunazotuma kila mwezi ni kodi pia.

Huku Ontario wallahi ni kukali kuliko huko kwenu, si miezi 12, ni siku 60 tu leseni ya nje, kisha uingie kwenye mambo ya G1, leseni yao ya mwanafunzi. Nikiendesha usiku kwenye ile barabara kuu ya 401, malori kushoto na kulia, naikumbuka njia ya Mtwapa saa za alasiri, dirisha wazi, mnazi, upepo, mahindi ya kuchoma pale Bombolulu. Hapana mtu anayenikimbiza.

Bin Kongowea, Luton

Bi Kizingo hakuna njia ya Mtwapa ya hivyo tena, siku hizi kutoka Nyali Bridge mpaka Bamburi ni jam na bodaboda kwa kila upande. Na tafadhali tusitie siasa, listi hii ilishafungwa mara moja kwa hayo hayo.

Bi Kizingo, Toronto

Kumtaja aliyekufa maji kwenye feri si siasa.

Mpwani, Aberdeen

Ummu Salma anarudi baridi ikiwa imeanza na shifti zake ni za usiku, na hakuna aliyemwambia la barafu, kwa hiyo niseme mimi. Dada, amka mapema robo saa. Gari utalikuta limeganda jeupe. Usimwage maji ya moto kwenye kioo, kitapasuka kikakuachia gharama. Chukua skrepa na dawa ya kunyunyiza, usafishe vioo VYOTE, usikwangue kitundu cha kuchungulia kama wanavyofanya vijana, sheria yataka uone pande zote. Theluji ya juu ya paa iondoe, ukifunga breki yateremka yote mbele ya macho yako. Na kabla ya kuwasha hakikisha swichi ya waipa iko ofu. Waipa huwa zimenata kwenye kioo kwa barafu, ukiwasha zavutana, raba yachanika ama mota yaungua, nawe umebaki bila waipa mvua ya chumvi za barabarani ikikurukia.

Usiliache gari likiunguruma njiani ukarudi ndani kunywa chai. Kwenye barabara ya umma ni kosa, na wezi wanapita asubuhi wakitafuta magari ya namna hiyo hiyo, na likiibiwa funguo ziko ndani bima huenda wasikulipe.

Kuondoka penye barafu jaribu gia ya pili, mafuta kidogo sana, tairi zisizunguke bure. Nafasi kati yako na wa mbele, kwenye ukavu ni sekunde 2, mvua mara mbili yake, barafu mpaka mara kumi. Barabara ikionekana nyeusi yang'aa kama imelowa na mvua haijanyesha, hiyo ni barafu, usikanyage breki ghafla na usikate usukani. Sisi tuliokulia pwani hatukulelewa na haya, mguu wetu wakimbilia breki.

Mama Mapacha, Cardiff

Na simu dada, shifti ya usiku kazini watakupigia. Usiiguse. Ni £200 na pointi 6, na ukishapita test miaka 2 ya mwanzo pointi 6 leseni yafutwa, unaanza tena theory.

Ummu Salma (Tudor)

Nawashukuru nyote, ya barafu nimeyaandika na ya fundi nimemsomea ndugu yangu ambaye ndiye anayenipeleka Moi Airport. Lakini nimerudi leo tena ofisini, kadi haipo, wameniambia nimtume mtu aje kuichukua ikitoka. Na swali langu la karatasi bado. Nimeipigia kampuni ya bima kutoka hapa, nimewekwa kwenye muziki mpaka bando ikaisha. Kuna yeyote ambaye bima wake aliikubali karatasi ya Kenya bila kadi? Nisije nikamwendea mgonjwa saa nane za usiku nikiwa sina bima.

Bin Kongowea, Luton

Mimi yangu ilikuwa kile kitabu chekundu cha zamani, hawakuuliza kitu. Kwa karatasi sijui.

Ami wa Birmingham

Mpaka wakujibu kwa maandishi usiendeshe mwanangu. Maandishi, si kwa simu. Omba kazini wakupangie na mwenzako mwenye gari wiki za mwanzo, na provisional iombe Jumapili hiyo hiyo.

Mpwani, Aberdeen

Kuna mtu wa listi hapo Leicester anayeweza kumchukua shifti za usiku? Kwani gari lako ni manyuo ama oto? Ukifanya test kwa oto utaruhusiwa oto tu, lifikirie hilo kabla hujabuku.