Mimi ni shahidi kwenye kesi ya SACCOS, na mbunge naye anataka nikaongee na kamati Dodoma. Nifanyeje?

Karani_Kiboriloni
Wakubwa shikamooni, wengine mambo.

Nilikuwa karani wa mikopo kwenye SACCOS moja hapa Moshi iliyoanguka. Wanachama ni walimu wastaafu na wakulima wa kahawa, na hela zao hawajaziona hadi leo. Viongozi wawili wameshitakiwa, mimi ni shahidi wa Jamhuri (upande wa mashtaka). Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa. Juzi msaidizi wa mbunge kanipigia: wanataka kulipeleka suala la vyama vya akiba kwenye kamati ya Bunge, na wanatafuta mtu wa ndani aeleze nani alisaini nini. Mama yangu naye ni mwanachama, ananisukuma niende. Nikiongea, naharibu kesi?

Mzee_UsaRiver
Nenda mwanangu! Januari 2018 Benki Kuu (BoT) ilifunga benki 5 kwa mkupuo, Meru Community Bank ya huku kwetu ikiwemo. Bima ya amana kikomo kilikuwa milioni 1.5, mwenye zaidi asubiri ufilisi. Maswali ya namna hiyo hakimu haulizi. Anauliza mbunge. Bila PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali aliyoiongoza Zitto Kabwe, sakata la mabilioni ya akaunti ya escrow tungelijulia wapi?

Mtoto_wa_Mjini
Kesi inatajwa kuliko jina la mtoto mtundu 😂

Wakili_Njiro
Shikamoo mzee. Escrow hiyohiyo: Bunge liliazimia Novemba 2014, washitakiwa wakafikishwa mahakamani Juni 2017. Kelele za Dodoma haziharakishi upelelezi.

Karani, tazama Ireland. Benki ya Anglo Irish ilitaifishwa Januari 2009. Oktoba 2011 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama bunge lipewe meno zaidi ya kuchunguza, wakakataa, pamoja na hasira zote walizokuwa nazo. Baadaye ikaundwa kamati ya kuchunguza mgogoro wa mabenki. David Drumm, aliyewahi kuwa bosi wa Anglo, alikuwa Marekani, akaomba kuhojiwa kwa video. Mwaka 2015 kamati ikamkatalia. Ilikosa kumhoji mtu mzito kuliko wote, lakini 2018 mahakama ilimtia hatiani, akafungwa miaka 6.

Sasa sikiliza hili linalokuhusu. Mwenyekiti wa zamani wa benki hiyohiyo, Sean FitzPatrick, alishitakiwa, kesi ikaunguruma siku 126, na 2017 jaji akaelekeza aachiwe. Dosari mojawapo: wapelelezi waliwaelekeza mashahidi cha kusema.

Kule wanaogopa juri, yaani raia 12 wanaoamua kesi, isijazwe maneno. Kwetu anaamua hakimu, ndiyo maana wengi husema hakuna shida. Mimi nakataa. Shida ni wewe. Dodoma useme mkopo ulisainiwa Machi, kizimbani useme Mei, wakili wa utetezi atakuja na Hansard (kumbukumbu za Bunge) mkononi akupige maswali ya dodoso mpaka ujute.

Karani_Kiboriloni
Na wakinipa hati ya wito?

Wakili_Njiro
Kamati ina mamlaka hayo kisheria, usikimbie. Ila mwambie mwendesha mashtaka leo, na umwandikie katibu wa kamati kwamba wewe ni shahidi. Kanuni za Kudumu za Bunge zenyewe zinazuia kujadili jambo linalosubiri uamuzi wa mahakama. Ukifika, eleza mfumo: mikopo ilipitaje, nani alitakiwa kukagua, taarifa zilipelekwa wapi. Saini ya fulani iache kwa hakimu. Na huyo msaidizi wa mbunge usimnong'oneze kitu kwenye simu, hiyo ndiyo mbaya kuliko kamati.

Mzee_UsaRiver
Wakili umesema vizuri, ila sisi tuna miaka mingapi ya kusubiri hukumu? Washitakiwa wana haki yao, sawa. Mwenye akiba yake naye?

Wakili_Njiro
Mzee, hapo sina jibu. Mshitakiwa akiachiwa kwa sababu ya shahidi aliyejikanganya, mwenye akiba atakuwa amepoteza mara mbili.

Karani_Kiboriloni
Mrejesho: mwendesha mashtaka nimempigia. Kasema nifike ofisini Jumatatu, na kabla ya hapo nisimjibu mtu. Asanteni wakuu. Imebaki kumweleza mama, na huyo hana kanuni za kudumu.