Utando wa majitaka unaziba, nifanyeje?

Fundi_Mtambo: Wakuu, habari za kazi. Nasimamia mtambo mdogo wa majitaka hotelini. Nyuzi za utando, yaani mirija myembamba yenye vitundu vya kuchuja maji, zimezama kwenye tangi la majitaka linalopulizwa hewa. Nikizitoa zina ute wa kahawia, unavutika kama mlenda. Niongeze nguvu ya pampu inayovuta maji kupitia nyuzi?

MamaKemia: Usiongeze, kaka! Utalishindilia tope kwenye vitundu. Mwaka 1989 Kazuo Yamamoto na wenzake, Chuo Kikuu cha Tokyo, walizamisha nyuzi humo humo tangini, wakavuta taratibu. Kabla ya hapo utando ulikaa nje, tope likizungushwa kwa pampu kubwa, umeme unateketea. Kazi ile naipenda mno: mapovu yanayowapa bakteria hewa ndiyo hayo hayo yanayosugua nyuzi. Yako yanapanda sawasawa?

Fundi_Mtambo: Nimechungulia. Upande mmoja maji yametulia tu.

MamaKemia: Basi bomba la hewa la upande huo limeziba. Lizibue kwanza. Pale majitaka yanapoingia mtamboni weka wavu wa matundu madogo, nywele zisifike kwenye nyuzi. Ndipo uoshe kwa klorini iliyozimuliwa. Tafadhali, usiichanganye na asidi, gesi yake inaua.

Juma_Maji: Na uwe unapumzisha pampu ya kuvuta kila baada ya dakika chache, mapovu yapate kubandua ute.