Lyangombe wa Baswezi: alikuwa mtu kweli au ni mzimu uliotungiwa kisa?

Mdau_Kisesa
Wakuu, heshima kwenu. Baswezi, wafuasi wa ibada ya mizimu Usukumani na Unyamwezini, wanamtaja Lyangombe kuwa mkuu wa ibada yao. Wapo wanaoshikilia kwamba alizaliwa na kufa kama sisi, wengine wanasema ni mzimu tu. Kikundi cha ngoma huku Kisesa kinataka maelezo ya ukurasa mmoja ya kuwasomea wageni. Ushahidi upi unasimama, na kipi kisiandikwe?

Nyakahoja_2
Mkuu, kwanza mtenganishe Lyangombe na Wamara, hapo ndipo wengi huteleza. Jina Baswezi ni lilelile la Bachwezi (Wachwezi), watawala wa kale wa masimulizi, ila wafalme wa Kichwezi wanaotajwa Bunyoro, ufalme wa Uganda, ni Ndahura, Mulindwa na Wamara. Lyangombe hayumo. Yeye kisa chake kimeshiba zaidi Rwanda, anakoitwa Ryangombe: mama yake anaota ndoto mbaya, anamkataza kwenda kuwinda, yeye anakwenda, nyati anamchoma pembe, anafia kwenye mti wa umuko wenye maua mekundu. Roho yake inakwenda kukaa mlima Karisimbi. Burundi mwenye nafasi hiyo anaitwa Kiranga, naye anafia mawindoni.

Sasa tazama huo mti. Katika kubandwa, ibada yake kule Rwanda, anayeingizwa chamani hupelekwa kwenye mti huohuo wa umuko. Kisa na ibada vikishikana hivyo, yawezekana kisa kilitungwa ili kueleza ibada. Mimi naegemea huko: mzimu.

Ziwani_Kirumba
Hapana, mkuu. Miujiza na ibada havifuti mtu. Ng'wanamalundi, yule mganga wa Kisukuma, anasimuliwa kwamba alinyoosha kidole miti ikakauka, na bado alikuwa mtu, Wajerumani walimkamata. Halafu kuna Bigo bya Mugenyi, Uganda: mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, ambayo wenyeji wanasema ni ya Wachwezi. Wanaakiolojia walichimba, Shinnie 1957, Posnansky 1960, na vipimo vya kaboni vikaangukia kati ya karne ya 14 na ya 16. Mzimu hauchimbi handaki.

Mzee_wa_Nyaraka
Ndugu Ziwani, Ng'wanamalundi nakubali, hoja hiyo ni nzito. Bigo nakataa. Handaki linathibitisha kwamba palikuwa na mamlaka ya kukusanya watu na majembe. Halina jina la mtu. Na hata tukisema ni la Wamara, Lyangombe hapati kitu, kwa sababu masimulizi ya Rwanda yanamweka zama za mfalme Ruganzu Ndori. Mwanahistoria Vansina, kwa kuhesabu vizazi vya wafalme, alimweka Ndori karne ya 17. Bigo ilikuwa imeshahamwa. Kwa hiyo anayeandika "Lyangombe, mfalme wa Wachwezi aliyejenga Bigo" anaunganisha watu wawili wa zama tofauti.

Hesabu ya vizazi nayo ina mtego. Watu hukadiria miaka 25 hadi 30 kwa kizazi, lakini ndugu watatu wakirithiana utawala, orodha ya wafalme inawasoma kama vizazi vitatu na tarehe inarudi nyuma miaka 60 hivi bila sababu. Orodha nyingine zilirefushwa makusudi. Mwanahistoria Henige alionyesha jinsi ya Bunyoro ilivyokua baada ya Buganda kuchapisha yao.

Nasi Wasukuma si shahidi wa kuzaliwa kwake. Ibada ilitufikia kutoka magharibi ikiwa na jina lake tayari. Hans Cory alipoandika juu ya Buswezi, yaani ibada ya Baswezi, mwaka 1955 aliandika ibada inayoendelea, si maisha ya mtu. Mkikusanya visa, chukueni angalau vitatu kutoka sehemu zisizosomeana vitabu, na kila msimulizi aulizwe alikosikia. Akitaja kitabu, kisa chake msikihesabu.

Nyakahoja_2
Hilo la Ndori nalipokea, linanibana hata mimi: mzimu mtupu usingehitaji kuwekwa zama za mfalme fulani.

Mzee_wa_Nyaraka
Au uliwekwa pale ili ibada ipate heshima ya ikulu. Hapo ndipo ushahidi unapokoma. Mdau, andika hivi: "Lyangombe, anayesimuliwa kuwa mwindaji aliyeuawa na nyati, ibada yake ilienea kutoka Rwanda na Burundi hadi Unyamwezini na Usukumani." Neno "anayesimuliwa" lisitolewe. Na msichambue jina kwa kulifananisha na ng'ombe. Sauti kufanana si ushahidi.