Naomba ushauri: nisikilizeje Psychocandy?

Habari zenu wakuu. Wiki nzima niko na Psychocandy, albamu ya 1985 ya The Jesus and Mary Chain, bendi ya ndugu wawili wa Uskoti, Jim na William Reid. Wimbo wake wa Just Like Honey unaanza kwa mapigo yaleyale ya ngoma ya Be My Baby, wimbo wa 1963 wa kundi la The Ronettes: dum, dum-dum, kaa! Nilisisimka mwili mzima. Ila mbele huko gitaa linapiga mluzi kama maiki iliyosogezwa kwenye spika, na melodi tamu inazama humo. Kwenye simu nasikia kelele tupu, kwa hedifoni kichwa kinauma. Nipunguze sauti kali za juu, au nitafute spika kubwa nikae mbali? Sitaki kuiacha.